Zamu ya Maji

Kilifika Jumatatu, ndani ya kichupa cha formalini,
ukubwa wa tunda la kahawa, na kijivu.
Leo Alhamisi kimeshazama kwenye nta, kimeganda,
nimekikata vyembamba kuliko utando wa kitunguu
na kuviacha vielee juu ya maji vuguvugu
hadi mikunjo ikaisha.

Kwenye fomu: Ndeonasia, miaka arobaini na moja,
muuza mitumba, Kiboriloni. Uvimbe mbele ya sikio la kulia.
Ana ualbino, wameandika.
Hawakuandika kwamba mwaka juzi aliniuzia kofia pana,
akanipunguzia elfu moja,
na yeye kichwani alikuwa na leso tu.

Baba yangu aligawa maji ya mfongo kule Kibosho.
Hakuwa msemaji. Alionyesha kwa jembe:
maji ni yale yale kwa mgomba, kwa kahawa, kwa ulezi;
kinachotofautisha ni nani kafunguliwa, saa ngapi,
na nani anarudi kuziba
kwa jiwe, udongo na majani makavu ya mgomba.

Ndivyo tulivyofanywa.
Tumboni, kabla hujaota kope,
kila chembe ilipewa kitabu kile kile kizima,
cha ini, cha jicho, cha unyayo.
Kisha lango likafunguliwa. Jeni moja isiyo na jina la kutamkika,
herufi na tarakimu tu, kama kiwanja kilichopimwa,
ikaziambia zilizokuwa nje: kuweni ngozi.
Kurasa za ini zikafungwa. Hazikuchanwa.

Tangu hapo zamu haijakatika.
Chini kabisa chembe hugawanyika kwa kiasi;
moja hubaki shinani, moja hupanda,
na kila hatua hufunga malango nyuma yake,
hujaa keratini, huwa bapa, hufa kwa adabu,
huanguka shukani usiku wala husikii.
Safari ya mwezi mmoja hivi.
Tunaishi kwa kufa huku kwa zamu.

Jua la saa saba halijui zamu.
Limechapa pale pale miaka arobaini
pasipo kivuli cha melanini hata cha kuazima,
likigundisha herufi hii na ile, likifuta nyingine,
hadi siku likamfikia mlinzi mwenyewe,
yule ambaye kazi yake ni kusema:
Ngoja. Rekebisha. Ukishindwa, kufa.

Mlinzi akanyamaza. Lango likabaki wazi.

Naweka kioo chini ya lenzi.
Chembe hazipandi tena. Zinashuka,
zimevunja sakafu, zimeingia kihamba cha watu,
na katikati yao, kwa kukumbuka nusu ya somo,
zinaviringa keratini duara ndani ya duara.
Chuoni tulifundishwa kuziita lulu.
Nimeitazama moja kwa muda mrefu kuliko kazi inavyotaka.
Sikuona uovu. Niliona ngozi inayojaribu kuwa ngozi
mahali pasipo pake,
bila mtu wa kuiambia basi.

Mimi si daktari; majibu si yangu kuandika.
Ila kuna wino mweusi pale kisu kilipopita,
na kati ya wino na mafuriko
nimeona ukanda wa ngozi tulivu, tabaka juu ya tabaka.
Mwembamba. Nimeupima mara mbili.
Upo.

Dokta Mmasi atakuja baada ya chai.
Nimeacha kioo mahali pake, taa nimezima.

Jumamosi ni zamu yetu. Nitapanda Kibosho na ile kofia.
Baba hayupo; jembe lake lipo.
Nitafungua, nitahesabu saa, nitaziba,
nitakandamiza udongo kwa viganja,
kisha nitapiga magoti, sikio karibu na ukingo,
sikio la kulia,
nisikilize kama bado kuna kitu kinavuja.